Hilo Jina Halifutwi

Tokyo, 9 Aprili 1974

Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa Fumika, anayepiga chafya tangu Machi kwa ajili ya vumbi la maua ya mierezi. Daktari kampa dawa inayomlaza hata mezani, kijiti cha kulia bado kimo mkononi. Mimi ni yuleyule, nafundisha historia watoto wasiotaka kusikia habari za mtu yeyote aliyekwisha kufa. Goti lako linaendeleaje? Uliniahidi huendi tena kufagia makaburini peke yako na zile ngazi zote, nami nilijua unanidanganya hata wakati unaahidi.

Sasa nina jambo, na limenikaa kooni.

Tangu utoto nimeambiwa upanga wa ukoo wetu ulifuliwa na Tomohide, fundi mkubwa wa jimbo la Bizen, na jina lake limo shinani, ile sehemu inayojificha ndani ya mpini. Nimewaambia watu wote hivyo. Hata Fumika nilipomchumbia nilimwambia hivyo, sikuwa na kingine cha kumringia. Uliponiruhusu nije nao huku upate mnoaji, nikaona sasa ni wakati wa kuupeleka kwenye chama chetu cha wapenzi wa panga za kale.

Desturi ya pale unaijua. Shina hufungwa kitambaa, unapewa ubapa tu. Unautazama mkunjo wake na ule mstari wa ukungu kando ya makali, halafu unataja aliyeufua. Baadaye ndipo kitambaa hufunguliwa. Mzee Shirakawa, mwenyekiti wetu, aliushika na kipande cha karatasi mdomoni ili pumzi yake isiuguse. Alikaa nao mpaka chai ikapoa. Wote wakasema: Bizen ya kale, mkono mkubwa. Mimi nimevimba kwa fahari, nusura nipasuke.

Kitambaa kikafunguliwa. Bwana mmoja wa benki akacheka, akajifanya anakohoa.

“Bwana Mitoma,” Mzee Shirakawa akaniambia, kwa upole unaouma kuliko tusi, “upanga wako ni mzuri mno. Zamani ulikatwa mkia ukafupishwa, kama ilivyokuwa kwa nyingi, na jina la aliyeufua likaenda na kile kipande. Hili lililopo kaliweka mtu mwingine, juzijuzi tu. Ni chunusi usoni pa bibi harusi. Lifute.”

Kufuta ndiyo kawaida, Shangazi. Mnoaji husaga saini ya uongo kwa tupa, shina likarudishiwa kutu yake, upanga ukabaki hauna jina lakini ni safi. Hapo wakaguzi huupa hati, na Mzee ameahidi kuutetea mwenyewe, kisha uingie maonyesho ya Novemba. Ukibaki na uongo wake, hakuna hati wala maonyesho.

Bwana Enjo, mnoaji, hagusi kitu mpaka mwenye mali akubali, na upanga umeandikishwa kwa jina lako. Nimekuwekea karatasi ya ridhaa. Piga muhuri wako, uirudishe.

Mwanao,
Nobuteru


Yoshinaga, 21 Aprili 1974

Nobuteru, mwanangu,

Marahaba. Goti limevimba, ndiyo. Makaburini nimekwenda, ndiyo. Nani mwingine afagie, nguruwe mwitu? Hao wana kazi zao, wamefukua machipukizi yote ya mianzi nyuma ya nyumba na kuniachia mashimo. Mwambie Fumika atupe hizo dawa, afunge kitambaa puani kama watu wazima. Duka linakwenda. Watu bado wanakula chumvi na kuvuta tumbaku, hata wale walioapa mwaka mpya kwamba wameacha.

Karatasi yako imefika. Nimewashia moto wa kuogea.

Hapana.

Umesoma vizuri? Hapana. Hao wazee wamesema upanga ni mzuri? Wamesema kweli, basi waende nyumbani wakalale. Jina wasiliguse. Wala usiniulize sababu. Nimekulea, nimekufuta makamasi, na siku ile uliyotumbukia mtaroni na sare mpya sikukuuliza ulikuwa unatafuta nini mle. Safari hii na wewe usiulize.

Upake mafuta ya karafuu kabla ya mvua za Juni.

Shangazi yako,
Kiyono


Tokyo, 16 Juni 1974

Shangazi,

Shikamoo. Mvua inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini. Fumika hajambo, chafya zimekwisha pamoja na maua. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na wewe ndiye uliyenifundisha nisiandike nikiwa na hasira. Nimengoja zipoe. Hazikupoa.

Unajua wananiitaje sasa kwenye chama? “Bwana Tomohide.” Naingia, navua viatu, mmoja anasema, “Karibu, Bwana Tomohide,” na wengine wanatazama vikombe vyao. Miaka yote nimewasimulia kuhusu jina lile!

Nilimwuliza Bwana Enjo kama kweli hakuna shaka. Akanionyesha. “Hili halikuchongwa na mhunzi,” alisema. “Mhunzi huchonga kwa mapigo mafupi, na mstari hukoma pale tindo inapokoma. Huyu kila mstari kauwekea kimkia cha kalamu ya wino, kama mwanafunzi anayemwogopa mwalimu wa mwandiko. Tena kachonga upande usio wake. Upanga wa umri huu, jina hukaa upande wa pili. Huyu ama alikuwa mtoto, ama mlevi.”

Shangazi, baba yangu sikumjua. Mama namkumbuka shingo tu, mimi nikiwa mgongoni, na harufu ya moshi kwenye nywele zake. Sina picha, sina karatasi, vyote viliungua Okayama mwaka wa mabomu. Kwa wazazi wangu sina kitu ila upanga huu. Nataka uwe safi. Je, ni kosa?

Nimekuomba sababu, umeninyima. Nikifika mwisho wa Julai bila neno lako, nitachukua kimya chako kuwa ndiyo, na nitapiga muhuri wangu mwenyewe. Enjo atakubali, jina la ukoo ni lilelile.

Nobuteru


Yoshinaga, 24 Juni 1974

Nobuteru,

Nimekutumia mtungi wa plamu za chumvi, za mwaka juzi, zimekolea. Mpe Fumika, na wewe kula moja, pengine itakufungua akili.

Neno langu ulilipata Aprili, na ni lilelile. Kama hukulisoma vizuri, vaa miwani. Huyo Enjo mwambie hivi: hakuwa mtoto, na pombe hajawahi kuionja maishani mwake. Muhuri wako ukiligusa lile jina, usikanyage Yoshinaga siku za Bon kuwapokea wafu wetu, wala siku ya kunizika.

Kiyono


Tokyo, 30 Juni 1974

Shangazi,

Plamu zimefika salama, Fumika anazila na wali asubuhi na jioni. Anakushukuru sana.

“Hakuwa mtoto, na pombe hajawahi kuionja.” Kumbe unamjua! Miaka yote unamjua, umekaa kimya ukaniacha nijitangaze mbele za watu kama mjinga.

Nani? Babu? Babu alikunywa mpaka siku yake ya mwisho, umeniambia mwenyewe. Basi ni baba. Kama ni baba aliyechonga jina la mtu mwingine ili ajisifu nalo, sitamngoja Enjo, nitalisaga mimi kwa mkono wangu. Afadhali nisiwe na baba kuliko kuwa na baba mghushi.

Niambie. Julai ni kesho.

Nobuteru


Yoshinaga, 17 Agosti 1974

Nobuteru,

Hukuja Bon. Nimewasha taa za kuwapokea wafu wetu peke yangu, nimezizima peke yangu. Biringanya nimezitia vijiti vya miguu, na tango pia, ili wapate cha kupanda njiani. Mke wa jirani aliniletea tikiti, nikalikata nusu, nusu nyingine ikaoza, maana nilikuwa nimeiweka kwa ajili yako.

Julai imekwisha na sijui kama jina bado lipo. Kama umekwisha kulisaga, acha kusoma hapa. Choma barua hii, uishi vizuri na upanga wako safi.

Bado unasoma? Basi kaa chini.

Si babu yako. Si baba yako. Ni mama yako.

Mwaka baada ya vita likatoka tangazo la hao waliotushinda: kila nyumba ipeleke panga zake. Zenye thamani ya sanaa zitarudishwa, nyingine zote ni za lori. Kaka yangu, baba yako, alikuwa hajarudi kutoka Ufilipino. Siku anaondoka alimwambia Isoe mkewe, “Nitunzie mtoto na upanga.” Basi, hayo tu. Hakuwa mtu wa maneno. Nyumba ilipoungua Okayama, wifi yangu alitoka motoni na hivyo viwili, wewe mgongoni na upanga mkononi, nywele zimeungua upande mmoja. Akaja nao mpaka kwangu kwa miguu. Halafu leo auweke mezani, mtu autupe kwenye lori kama kisu cha jikoni kilichovunjika? Thubutu!

Akamwendea Mwalimu Kunitomi wa shule ya hapa, aliyewekwa kumsaidia afisa wao kukagua. Akauvua mpini mbele yake. Shina lilikuwa tupu.

“Mimi nauona ni mzuri,” Mwalimu akamwambia. “Lakini yule hajui kutazama ubapa. Anatafuta jina. Hapa pangekuwa na Tomohide, angeuacha.”

“Tomo kwa herufi ipi?” Isoe akauliza.

“Ile ya rafiki.”

“Na hide?”

“Ile ya kuwashinda wenzako.”

Mwalimu akamtazama, akamwelewa, akaaga upesi akasema ameacha birika jikoni. Isoe akaenda kuazima tindo kwa mchonga mawe ya makaburi, ambaye mwaka ule hakukosa kazi. Akamwambia anataka kurekebisha bawaba.

Shida ikawa kelele. Nyumba zimebanana, ukipiga chafya jirani anakuitikia. Basi nikatoa kinu uani nikatwanga. Kutwanga nini? Hewa! Mchele tuliusikia kwenye hadithi, tulikuwa tunakula viazi na majani yake. Kila Isoe akigonga nyundo ndani, mimi nagonga mchi nje. Anapumzika, napumzika. Majirani wakaanza kuchungulia: hawa akina Mitoma mchele wameutoa wapi? Bibi Hisano alikuja na bakuli kabisa. Nikamwambia natwanga mizizi ya dawa, naumwa goti. Alinuna mwaka mzima.

Unamwambia nani mlevi? Alikuwa hajala tangu asubuhi, mkono unamtetemeka, na bado kila mstari aliuandika kama alivyofundishwa shuleni, na vile vimikia vyake. Upande upi ni sahihi hakujua, nani angemwambia? Mwanamke hakuruhusiwa hata kuupumulia ule upanga. Alipomaliza, chuma kilichokatwa kiling’aa mno, kila mtu angejua ni kipya. Akapaka maji ya plamu za chumvi, akalifunga shina kwa kitambaa, akapaka tena na tena mpaka likawa na rangi ya chai.

Siku yenyewe ilikuwa uwanjani pa shule. Mezani afisa, mkalimani kijana, na Mwalimu Kunitomi. Nyuma yao lori, na mlio wa chuma kurushwa juu ya chuma. Mzee aliyekuwa mbele yetu aliutoa wake umefungwa kwa hariri, ukarushwa hivyohivyo na hariri yake. Zamu yetu ikafika. Afisa akautazama kidogo, akauvua mpini, akauliza kitu. Mkalimani akakodoa macho, hawezi kusoma. Mwalimu akavaa miwani. Akainama juu ya zile herufi za darasa la tatu, akakaa, akakaa. Kisha akasoma kwa sauti ya hekaluni: “Bizen. Tomohide.” Halafu akauinamia upanga mpaka paji likakaribia meza. Na yule afisa, asijue afanye nini, naye akainama!

Tukapewa karatasi yetu. Isoe hakutikisika mpaka tulipopita kona ya mto. Hapo akakaa chini kwenye matope, na kimono chake pekee, akacheka mpaka akalia.

Baadaye wakatuletea sanduku jeupe la mabaki ya askari, ndani yake karatasi yenye jina la baba yako, hata unywele haumo. Isoe akaweka upanga mbele ya lile sanduku. “Haya,” akasema, “nimekutunzia.” Kisha mapafu yakamwisha, ukabaki na mimi.

Aliniapisha nisikwambie. “Nobuteru ataona haya,” alisema. “Mtoto asiwe na mama mghushi.” Nimekaa na kiapo hicho miaka yote hii. Siku ya Bon nimepanda kaburini na goti langu nikamwambia: Isoe, mwanao ameshika tupa. Nisipovunja kiapo atakufuta kwa mkono wake. Nikangoja. Hakunijibu, nikajijibu mwenyewe.

Unasema mama yako hakukuachia hata karatasi. Kakuachia mwandiko wake, umeuchukia kwa sababu mtu wa benki kakohoa. Hao wazee wanataka upanga safi. Bila ule uchafu wa Isoe wangekuwa wanautazama wapi leo? Ungekuwa umeyeyushwa ukawa masufuria.

Nimesema. Mimi ndiye niliyetwanga, kama kuna kesi nishitakiwe na mimi. Sijutii hata pigo moja.

Kiyono


Tokyo, 24 Novemba 1974

Shangazi,

Shikamoo. Jina lipo. Naanza na hilo ili upumue.

Fumika ni mjamzito, ndiyo maana ya zile plamu asubuhi na jioni, na sisi tulidhani ni njaa tu. Daktari anasema Februari. Samahani kwa kimya changu, Shangazi. Nilianza barua nyingi, kila moja nikafika kwenye neno “mama” nikashindwa kuendelea.

Siku niliyopata yako nilitoka na viatu vya ndani mpaka kwa Enjo. Nikamwambia auvue mpini. Nikaweka kidole juu ya herufi ya kwanza, nikaifuata mstari kwa mstari, kama tunavyowafundisha watoto kuandika hewani. Enjo akanitazama, akaja na taa. “Hapa tindo imemteleza,” akasema. “Akarudia. Unaona? Hapa alipumzika.” Nami nikajua pale alipopumzika, na wewe nje ulipumzika. Nililia mbele ya mtu ninayemjua kwa kazi tu. Nina miaka thelathini na miwili, na ndiyo kwanza nimeujua mwandiko wa mama yangu.

“Nisage?” Enjo akauliza.

“Ukisaga nakuvunja mkono.”

“Basi nipake mafuta tu,” akasema, akapaka.

Kisha ikafika siku ya chama kuchagua panga za maonyesho. Niliuweka mezani shina wazi, bila kitambaa, jina juu. Kila mtu akatazama pembeni, ungedhani nimemvua mtu nguo.

“Bwana Mitoma, kitambaa kiko wapi?” Mzee Shirakawa akauliza.

“Sikufunga.”

“Na jina hujalifuta.”

“Silifuti.”

“Bwana Tomohide kalipenda jina lake!” yule wa benki akasema, wakacheka.

“Uliza ni nani kalichonga,” nikamwambia. “Si unapenda kubahatisha? Haya, bahatisha.” Akashika kikombe chake. Nikasema, “Ni mama yangu.”

Nikawaeleza yote, na kinu na Mwalimu na afisa aliyeinama. Sikuacha kitu. Mzee mmoja ambaye husinzia kila kikao alikuwa macho, mikono magotini. “Kwetu walichukua zote,” akasema, si kwa mtu yeyote. “Hatukuwa na mtu kama huyo nyumbani.”

Mzee Shirakawa si mtu mbaya, Shangazi. Alisema kwa heshima, “Pole kwa yaliyompata. Lakini saini ya uongo ni ya uongo, hata akiichonga mama wa mtu. Lifute leo, hati itatoka. Usipolifuta, upanga huu hautapata hati maisha yako yote, wala maisha ya mwanao.”

“Hati aliipata mama,” nikamwambia. “Uwanjani pa shule, lori liko nyuma yake. Yako siihitaji.”

“Basi kwenye maonyesho sina nafasi kwa ajili yako.”

“Sikuja kuomba nafasi. Nilitaka muuone.”

Nikaufunga, nikaweka beji yangu ya uanachama kwenye sahani ya biskuti, nikatoka. Mpaka nafika stesheni, haya sikuona. Nilijitafuta haya kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Hakuna.

Jana wamefungua maonyesho yao. Mimi nikafungua yangu sebuleni. Fumika alitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya chakula, tukauweka upanga juu yake, shina wazi. Majirani walikuja, na wanafunzi wangu na mama zao, na Enjo katika suti, na jioni yule mzee wa kusinzia, aliyeingia kimya akakaa karibu na shina, wala ubapa hakuutazama sana. Kando niliweka kadi, nimeiandika kwa kalamu ya wino, na vimikia vyote: “Aliyeufua hajulikani, jina lake lilikatwa. Jina lililopo limechongwa na Mitoma Isoe, Yoshinaga, 1946.”

Naomba kitu kimoja. Tukipata mtoto tutakuja kwako na upanga. Nifundishe alivyokuwa akicheka.

Mwanao,
Nobuteru


Yoshinaga, 1 Desemba 1974

Nobuteru, mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Fumika asinyanyue ndoo, asiketi sakafuni penye baridi, na wewe ujifunze kupika supu ya miso kabla ya Februari, si siku ya Februari. Huku theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Bibi Hisano yuko hai, ana miaka themanini na tisa. Juzi nimemweleza ule mchele ulikuwa nini. Amenuna upya.

Barua yako niliipeleka kaburini. Nimeisoma kwa sauti, tangu shikamoo mpaka mwisho, mke wa kuhani wa hekalu akatoka kuangalia nani anagombana huko. Nikamwambia anipishe, nina mazungumzo na wifi yangu. Pale ulipomjibu mzee wako nilipasoma mara mbili.

Kisha nikaikunja. Nikamwambia: Isoe, uliogopa bure. Amelisema jina lako mbele ya watu, na haya hakuona.

Kiyono